Mlango wa Choo Niliouziba

Hapa kwetu Mwananyamala nina majina mawili. La kwanza ni Mama Atu, nililopewa na mwanangu wa kwanza, Atupele, na hilo nalipenda. La pili ni Mama Masta, nililopewa na watu wasionitakia mema (na wanaonitakia mema pia, maana hata wao nimewasikia), na hilo hutajwa nikiwa nimeshapita, kwa sauti ya chini ila si ya chini sana, ili nisikie. Kama umewahi kulisikia ukajiuliza limetokea wapi, kaa nikwambie mwenyewe, kwa sababu ukisubiri kuambiwa kibarazani utaambiwa nilimfungia baba mkwe nje ya nyumba. Uongo mtupu. Mie sikumfungia nyumba, nilimfungia choo. Ndiyo, ni aibu zaidi, lakini angalau ndiyo kweli.

Mie ni mtu wa ndani. Sijui kumbi, sijui ufukweni, harusi naendaga nikibanwa sana, na hata huko nakaa nikiwaza kama jiko nimelizima. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa, na tangu hapo mwalimu wangu ni simu. Wenzangu wakiangalia tamthilia mie naangalia watu wanaotengeneza nyumba zao, unaona chumba kama stoo ya mkaa, mtu anapiga rangi, anabadili mapazia, anatundika taa ya pembeni, unapepesa macho mara kimekuwa cha hotelini na mwenye nyumba kakaa kitandani anakunywa chai. Nikawa naangalia vile, nikiinua macho nauona ukuta wangu wenye alama za mikono ya watoto, roho inauma kama nimeibiwa.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, sebule, jiko, na choo kimoja chenye bafu humo humo, mlango wake ukiwa koridoni ambako kila mtu anaufikia bila kumuomba mtu ruhusa. Nje uani kulikuwa na choo kingine, cha shimo, walichotuachia waliotuuzia nyumba, bati limeoza na mlango umeshikwa na kamba. Tumeishi hivyo miaka, hakuna aliyekufa. Tatizo lilianza jumuiya ilipopata tabia ya kuzunguka. Sie ni watu wa kanisa, kila wiki tunasali nyumba ya mmoja wetu, na wanawake wenzangu wakimaliza kusema amina ya mwisho hawaagi mpaka watembezwe. "Karibuni muone masta." Kila nyumba, masta. Kwa asiyejua mambo ya mjini, masta ni chumba cha kulala chenye choo chake ndani, baba na mama wanaamka na kuoga bila kukutana na mtu. Zamu yangu ikifika nawapeleka wapi? Koridoni wakaone ndoo?

Basi siku moja nikiwa nafagia nikagundua kwamba ukuta wa choo na ukuta wa chumba chetu ni ukuta mmoja. Nikagonga kwa kidole. Nikasimama pale na fagio mkononi, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Mume wangu, Lusajo, ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimuuliza kama chakula ni kitamu anakujibu kwa kuongeza ugali. Kipindi hicho kazi yake ilimpeleka Morogoro, anarudi mara moja moja. Nilimpigia simu nikamwambia nataka kufanyia ukarabati chumba chetu na bafu, akasema sawa. Nikamwambia na chumba cha wageni tukipendezeshe, akasema hicho ndicho cha kwanza, maana baba anakuja kutibiwa na safari hii anataka akae kabisa, asirudi Tukuyu kulala peke yake kwenye nyumba aliyofia mama. Nikamuuliza, anaumwa nini?

"Mambo ya kizee tu."

"Mambo gani? Miguu? Presha?"

"Ya kizee, Mama Atu."

Sikuuliza tena. Kwao mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Zamani, walivyonisimulia, mkamwana akimuona baba mkwe njiani anaingia porini. Siku hizi yamelegea, tunasalimiana, tunakula meza moja, ila bado kuna mambo ya mwili wa mzee ambayo mkamwana haambiwi, na kuna sehemu za nyumba ya mkamwana ambazo mzee hazikanyagi. Na mie kwetu ni Masasi, nako ni hivyo hivyo, mzazi haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe hata kama nyumba inaungua. Kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni. Mila nilizijua. Nilisahau tu kwamba zinatembea na miguu na zina kibofu.

Fundi akaja. Nikamuonyesha ukuta, nikamwambia toboa hapa, mlango uingilie chumbani, ule wa koridoni ziba. Akakuna kichwa.

"Mama, si tuache yote miwili? Ukiwa mwenyewe unafunga wa kule, wageni wakija unafunga wa huku."

"Masta gani ya milango miwili, fundi? Hiyo si itakuwa stendi?"

"Sasa pablik itakuwa wapi?" (Pablik ni choo cha watu wote wa nyumba, na wageni.)

"Awamu ya pili," nikasema, kwa sauti ile ya viongozi wanapoahidi barabara.

Huo ndio uamuzi wenyewe, rafiki zangu. Mdogo hivyo. Mlango mmoja. Mchana ule ule ukazibwa kwa tofali, ukapigwa plasta, ukapakwa rangi ya maziwa, mpaka ukipita koridoni hujui kama paliwahi kuwa na mlango. Nilitundika hapo picha ya maua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshashika kasi nikaagiza na kile choo cha uani kibomolewe, shimo lifukiwe, nikapanga vyungu vya maua juu yake. Mama Mwajuma, jirani yangu ambaye tunatenganishwa na ukuta tu, muuza vitumbua, akachungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Mama Atu, sasa mgeni akibanwa anamwagilia maua?" Nikacheka kicheko cha kumwambia mambo haya hayakuhusu. Hatukuwa maadui, ila mie nilikuwa namuona mtu wa kelele, na yeye (baadaye nilijua) alikuwa ananiona mtu wa kujisikia. Mmoja wetu alikuwa sahihi.

Bafu lilipendeza, msininyime hilo. Marumaru mpaka juu, sinki jeupe la kukaa, bomba la mvua linalomwaga kama masika. Mlango niliagiza wa kioo, kile cha ukungu ambacho mtu akiwa ndani unaona kivuli tu. Wakaleta kioo cheupe, cheupe kabisa, ukiwa kitandani unaona mpaka chapa ya sabuni. Nikapiga simu, nikaambiwa cha ukungu kimekwisha, nivumilie. Nikatundika kanga kwa ndani. Kanga yenyewe ina maandishi, *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Nilidhani nachekesha.

Chumba cha baba nacho nilikifanya kwa moyo wote, hilo naliapia. Nilikwenda Keko mwenyewe, mie nisiyevuka hata barabara bila sababu, nikasimama juani kwenye maranda nikamwambia seremala nataka kitanda cha mninga lakini kifupi, mzee asipate shida kuinuka. Nikapaka ukuta kijani cha majani ya chai ili asikumbuke sana kwao, au akumbuke, sikuwa na uhakika. Nikaweka kiti dirishani na taa anayoiwasha bila kushuka kitandani. Kila kitu alichohitaji mzee kilikuwa chumbani mle, isipokuwa kile kimoja.

Lusajo aliporudi alitembea nyumba nzima kimya. Akafika koridoni, akasimama mbele ya picha ya maua. Akaisogeza kidogo, akaangalia nyuma yake kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Choo kiko wapi?"

"Chumbani kwetu! Njoo uone."

"Na baba?"

"Atapita tu. Ni mzazi. Tunaondoka chumbani, anaingia, anatoka. Mambo ya zamani hayo, Lusajo, hapa mjini."

Akakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Akaniambia baba anafika Jumamosi. Nikamwambia pablik tutajenga baadaye. Akafungua mdomo, nikaona kabisa kuna neno limefika menoni, akalimeza. Kisha akasema, "Basi tumuwekee ndoo yenye mfuniko humu."

"Ndoo! Kwenye chumba kipya? Na harufu?"

Akainuka, akatoka. Siku hizi huwa nafikiria lile neno alilolimeza. Alikuwa anaujua ugonjwa wa baba yake. Angeniambia ni tezi dume, kwamba mzee akisikia mkojo hana muda wa kuhesabu, ningebomoa ukuta kwa mwiko wa ugali. Lakini utamwambiaje mkeo habari za mkojo wa baba yako? Kwao haisemwi. Mume wangu alikaa kimya kwa heshima, na mie nikaendelea kwa ujinga, na mzee akawa ndani ya basi anakuja.

Jumamosi ndiyo ilikuwa na zamu yangu ya jumuiya. Hapo sijipi udhuru wowote, niliiomba mwenyewe. Nilisema baba anafika, tumpokee kwa maombi, hapo hapo watu waone nyumba. Sebule ikajaa. Zulia jipya, la rangi ya krimu (na watoto wawili nyumbani, unaona akili yangu), nimelitandika katikati, kila anayeingia namwangalia miguu kabla ya uso. Mama Mwajuma ni Mwislamu, si wa jumuiya yetu, lakini wageni wakizidi alikuwa anakuja kusaidia bila kuitwa, na siku ile alikuja na beseni lake la vitumbua akaingia jikoni moja kwa moja.

Mzee aliletwa na shemeji yangu Gwamaka, mdogo wake Lusajo, anayekaa Ukonga kwenye nyumba ambayo haijapigwa plasta. Walikwama kwenye foleni kutoka stendi ya Mbezi muda mrefu. Aliingia na fimbo, koti zito la Tukuyu kwenye joto lile, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba." Akaitikia akiangalia pembeni, kama desturi, lakini uso ulicheka. "Marahaba mwanangu. Nyumba inang'aa." Hakukaa. Alimvuta Lusajo karibu, akamnong'oneza, na Lusajo akamshika mkono wakaelekea koridoni.

Sasa mie muda ule nilikuwa wapi? Nilikuwa chumbani, na akina mama wa jumuiya, nawatembeza. Mmoja kakaa kitandani anapima godoro kwa kurukaruka. Mwingine yuko bafuni anawasha na kuzima taa. Gauni langu la kulalia limening'inia kwenye msumari, jekundu, jipya, nililiacha pale makusudi lionekane. Mlango ukafunguka, akatokea Lusajo, na nyuma yake baba mkwe.

Mzee aliona kitanda, akaona gauni, akaona kioo na kanga. Akarudi nyuma hatua moja kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Lusajo, hiki si chumba chenu?"

"Ndiyo baba. Choo kiko humu. Pita tu."

"Kile cha siku zote?"

"Kilizibwa."

"Cha nje?"

Lusajo akatikisa kichwa. Mzee akaangalia chini. "Basi," akasema, "sijabanwa sana."

Hapo mtu mwenye akili angewatoa wale wanawake, angetafuta hata hiyo ndoo, angefanya chochote. Mie nikaona mgeni wangu anaona haya mbele ya watu, nikaamua kumtoa haya. Nikatoka na uchangamfu wote niliojaliwa, nikamshika mkono baba mkwe (nikamshika mkono! mkamwana!), nikasema kwa sauti iliyofika mpaka sebuleni, "Baba, ingia, usiogope! Hii inaitwa masta, ndio mambo ya kisasa!"

Yule aliyekuwa anaruka kitandani akashuka. Mzee akautoa mkono wake kwangu taratibu, bila hasira, jinsi unavyomtoa mdudu mzuri kwenye shati, akageuka akarudi sebuleni. Akakaa kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti, mikono miwili juu yake.

Nikasikia Lusajo anamwambia Gwamaka ampeleke kwa Mama Mwajuma jirani. Gwamaka akainuka. Na hapo hapo mzee wetu wa kanisa, anayependa kuanza kwa wakati, akasimama. "Bwana asifiwe! Kwa kuwa mgeni wetu ameketi, tusimame kwa maombi."

Nani anamtoa mgeni nje wakati anaombewa yeye? Gwamaka akasimama alipo. Lusajo akafumba macho. Mzee wa kanisa akaanza na wagonjwa wote, akaja kwa wajane na wagane, akashukuru kwa safari njema, akawataja madereva, kisha (Mungu amsamehe, nilikuwa nimemtembeza na yeye) akaingia kwenye nyumba. Akabariki sebule, akabariki jiko, akabariki chumba kipya cha baba kiwe chumba cha amani, akabariki na "bafu hili, Bwana, maji yake yasikauke." Nikafumbua jicho moja kuona kama watu wanamsikia. Nikamuona baba mkwe. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa anaukodolea macho ukuta, jasho linatiririka, na goti lake moja linatetemeka. Nikadhani ni Roho.

Amina ilipofika, mambo yakaenda haraka. Watu wakakaa, chakula kikaletwa, na Mama Mwajuma akaanza kunawisha mikono, jagi mkono huu, beseni mkono ule, anaanzia kwa mgeni kama inavyopasa. Akafika mbele ya baba mkwe. Akainama. Akabaki hivyo kidogo, zaidi ya inavyohitajika. Kisha akateleza. Mama Mwajuma, anayebeba beseni la vitumbua kichwani huku anapiga soga, akateleza kwenye zulia kavu, na jagi zima likamwagikia mapajani mwa baba mkwe, kwaa!

"Jamani! Nisamehe mzee wangu! Mikono yangu hii, imelaaniwa! Nimekulowesha wote!" Alipiga kelele mpaka mtaa wa pili. "Mama Atu, leta kanga, nimemlowesha mzee!"

Watu wakaanza kucheka kile kicheko cha pole. Mmoja akasema, "Hiyo ni baraka, baba, umebatizwa upya." Kama mngekuwepo mngesema yameisha. Yalikuwa yameisha. Kilichobaki ni mie kuleta kanga na kufunga mdomo.

Lakini mie niliona zulia.

Nikaja na dekio mbio, sikumwangalia mzee, sikumwangalia mtu, nikapiga magoti nikaanza kufuta huku nasema, hasira yote ya siku ile nikimmwagia jirani yangu: "Mama Mwajuma na wewe! Zulia jipya! Kama hujui kunawisha si ungeniachia mwenyewe?"

"Nisamehe mwenzangu, achana nalo, nitalifua mie."

"Utalifua wapi? Na hebu angalia, jagi lenyewe lilikuwa nusu, haya maji yote huku nyuma ya kochi yametoka wapi? Mbona yamefika mpaka..."

Nikaishia hapo. Mkono wangu ulikuwa juu ya zulia, na zulia lilikuwa na joto. Nikainua uso. Mama Mwajuma ananiangalia na macho yake yananiomba, *nyamaza, nyamaza, mwanamke nyamaza*. Nikanyamaza, lakini swali nilikuwa nimeshaliuliza, na sebule nzima ilikuwa imeshalisikia, na kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akawa anajijibu. Yule wa kubatizwa akakohoa. Mzee wa kanisa akaanza kusoma Biblia yake iliyofungwa.

Baba mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu aliyezika mke, aliyesomesha watoto kwa migomba na chai, mzee wa baraza kwao, kakaa kwenye kochi langu analengwa na macho ya watu asiowajua hata majina. Gwamaka akavua shati lake, akabaki na singlendi, akamfunika baba yake mapajani.

"Gwamaka," mzee akasema, "gari yako umeiegesha mbali?"

"Hapo tu, baba."

"Twende."

Lusajo akasema, "Baba, chumba chako..." lakini mzee alikuwa ameshainuka. Wakamshika huku na huku. Alipofika mlangoni akasimama, akageuza uso upande wangu bila kuniangalia, akasema, "Nyumba nzuri sana, mwanangu. Ndaga." Ndaga kwao ni asante. Angenitukana ningelala.

Chakula hakikuliwa. Watu waliondoka wakiwa na haraka ambayo sijawahi kuwaona nayo kwenye nyumba yenye pilau. Akina mama walionisifia masta wakapita kwangu kama wanapita msibani, na wawili kati yao (nawajua, na wao wanajijua) hawakufika kwao kabla habari haijafika kwa kila mtu. Hapo ndipo Mama Masta alipozaliwa.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Mwajuma. Alikuwa anakoroga unga. Nikasimama mlangoni.

"Kaa," akasema, hakuniangalia. "Mie marehemu baba yangu alikuwa nao ugonjwa ule. Nilipoinama nikaona. Nikasema hapa hakuna dawa, nimwage."

"Nilikutukana mbele za watu."

"Kunitukana si kitu, nimeshazoea wateja. Lakini jagi zima, Mama Atu! Nimelimwaga jagi zima, kazi yako ilikuwa kuninyamazia tu."

Nikachukua mwiko, nikamkorogea unga.

Lusajo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alihamisha shuka na mto wake kwenye kile chumba cha kijani, akalala kwenye kitanda cha mninga cha baba yake, na asubuhi akitaka kuoga anabisha hodi chumbani kwetu kama mpangaji. Ndani ya masta yangu nikabaki mie na kioo. Niliyataka maisha ya hotelini nikayapata, mpaka upweke wake.

Ule ukuta tuliubomoa. Fundi yule yule alikuja, akatoa picha ya maua, akagonga nyundo, na mlango ukarudi koridoni pale pale ulipokuwa. Nikampigia simu baba mkwe Ukonga, anakotibiwa sasa. Nikamwambia, "Baba, mlango tumeurudisha. Chumba chako kipo, hatujamweka mtu." (Nilidanganya kidogo, alikuwemo mwanawe.)

"Asante mwanangu," akasema. "Huku nimeshazoea."

Nami nimeapa, mbele yenu na mbele ya ule mlango, kwamba sitagusa tena tofali la nyumba yangu kabla sijamuuliza kila anayelala ndani yake na kila anayeweza kuja kulala, na wakiona haya kunijibu nitauliza mpaka wachoke kuona haya. Kiapo kizuri. Kimechelewa.

Tulikwenda kumuona, sie wote, na watoto. Nyumba ya Gwamaka tofali ziko wazi, sakafu ni ya saruji, na mzee amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amenenepa kidogo. Nilikaa kwenye mkeka mbali naye, kama inavyopasa, tukaanza mazungumzo ya mvua na bei ya mchele. Nilikuwa nimebanwa tangu njiani. Nikabana. Nani kama mie angethubutu kuuliza choo mbele ya mtu yule? Nikahamisha uzito huku, nikahamisha kule, nikafunga kanga upya. Mzee alikuwa anaangalia barabara.

"Mama Atu," akasema, bado anaangalia barabara, "choo kiko kule nyuma, pembeni ya mpapai. Hakina mwenyewe."

Nikainuka nikaenda. Kijumba cha bati, komeo la waya, kopo la maji limejazwa hadi juu. Nikajifungia. Na nikiwa mle ndani, nimeushika mdomo kwa kiganja nisisikike nikilia, nikamsikia anawaita wajukuu zake waliokuwa wanacheza mpira huko nyuma, anawaambia wahamie mbele ya nyumba, wote, haraka, mama yao apate nafasi.